Nywele Kwenye Karoti za Mzee Wembe

"Jirani, nyamaza nikwambie," alisema Fundi Cherehani, ingawa huyo aliyeambiwa anyamaze hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi. "Mzee Wembe kazika mtu."

Mama Kichanga alikuwa anaanika nepi kwenye kamba nyuma ya ghorofa. Alikuwa na kibanio kimoja mkononi na kingine amekibana kwa meno. Akakitoa cha kwenye meno.

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Yuko kwenye karoti."

"Umemwona?"

"Mwili sijauona, nisiseme uongo. Nywele ndizo nimeziona. Ndefu hizi!" Akapima kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, akaona haitoshi, akashuka mpaka kiganjani. "Nimeinama zangu nachuma mchicha, nageuza shingo hivi, naona nywele zimetokeza kwenye tuta lake. Mchicha nimeuacha. Na kisu nimekiacha."

"Labda ni mkewe kaangusha..."

"Mkewe nimesalimiana naye ngazini sasa hivi, mzima, kabeba ndoo. Ndiyo maana nakwambia ni mwanamke mwingine. Hebu fikiria mwenyewe."

Fundi Cherehani alishona habari kama alivyoshona nguo: mpe kitambaa cha sketi, atakurudishia gauni lenye mikono na mkanda. Majirani walimjua. Wakisikia jambo kutoka kwake hukata nusu, na ile nusu iliyobaki wakaiweka pembeni ipoe. Lakini hata ukate vipi, nywele kwenye karoti ni nywele kwenye karoti. Mama Kichanga alimnyanyua mtoto wake kutoka kwenye beseni alimokuwa anajipakaza sabuni, akashika njia ya bustani.

Yeye na Mzee Wembe walikuwa na lao. Alihamia kwenye ghorofa ile akiwa na mtoto wa siku nne kifuani, ndiyo maana watu wakampa jina la Mama Kichanga, na jina likaganda ingawa kichanga chenyewe sasa kilikuwa kinatembea na kutia mdomoni kila kinachookoteka. Siku zile za mwanzo mtoto alikuwa analia kama kalipwa. Mahali pekee alipotulia ni penye bustani, kwa hiyo mama alikuwa anashuka naye na kukaa kwenye tofali, hasemi na mtu. Wiki ya pili Mzee Wembe akaja na kamba na vijiti vinne. Hakuuliza kitu. Alipima kipande karibu na tanki la maji, akasimika vijiti, akafunga kamba.

"Tuta hili la mwanao," alisema. "Wewe utamlimia mpaka akue."

Basi.

Mzee Wembe alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa mtaa: kioo kilichopasuka kona, kiti cha kuzunguka kilichoacha kuzunguka zamani, na benchi la kungojea ambalo wasio na shida ya kunyolewa walilipenda kuliko wenye shida. Kichwa cha mtu alikiinamisha kwa vidole viwili tu, na kikishainama ndipo alipoanza kuongea. Hapo hakuna aliyembishia. Nani atabishana na mtu aliyeshika wembe nyuma ya sikio lake?

Maongezi yake yalikuwa mboga. Watu waliingia kupunguza ndevu, wakatoka wanajua kwamba nyungunyungu hakatwi kwa jembe maana ni mfanyakazi, kwamba majivu yakizidi yanaunguza, kwamba mbolea ya dukani ni pombe ya udongo, leo unachangamka, kesho hauamki. Inasemekana kuna bwana mmoja aliitetea dawa ya kuua wadudu akiwa kwenye kile kiti, akanyolewa upande mmoja, upande wa pili akaambiwa arudi kesho akishatafakari.

Kiwanja chenyewe kilikuwa jalala la magodoro, sinki zilizovunjika na friji moja isiyo na mlango. Mzee Wembe alikwenda kumwomba mwenye jengo, akakubaliwa, na siku ya kusafisha akashuka na familia nzima. Alikuwepo mkewe, mama wa mikono myepesi na maneno machache. Alikuwepo binti yao, ambaye kila mtu alimwita Msusi kwa sababu alikuwa na saluni chini ya ghorofa. Alikuwepo na mtoto wa Msusi, msichana wa darasa la pili, ambaye babu yake alimpa sumaku iliyofungwa kwenye fimbo aokote misumari, naye akaokota mpaka heleni za watu. Wapangaji wengine walichungulia madirishani wiki mbili. Ya tatu wakaona haya, wakashuka. Sasa matuta yalikuwa kumi na mawili, yamezungushiwa matofali ya kuokoteza, na tanki moja, na mpira mmoja wa maji uliogombewa na watu kumi na wawili.

Tuta la Mzee Wembe ndilo lililokuwa likitazamwa. Siri yake haikuwa siri, aliitangaza mwenyewe: nywele. Kila akifunga kazi alifagia kibanda, nywele akazitia kwenye gunia, na Jumamosi familia ilichimba mfereji, wakazifukia chini. "Nywele ni mbolea iliyokuwa inatembea," alikuwa akisema. Mteja akipewa fungu la spinachi aliambiwa, "Kula bila wasiwasi, hicho ni kichwa chako mwenyewe." Wengine walishukuru na kwenda kuligawa fungu kwa jirani.

Lakini nywele za kinyozi ni vipande vifupi kama vya mswaki. Hizi ndefu za mpaka kiganjani zilitoka wapi?

Mama Kichanga alifika kwenye tuta, akachuchumaa. Kweli, katikati ya majani ya karoti kulikuwa na kitu kimetokeza. Kabla hajanyoosha mkono, mwanawe alikwisha kukishika na kukivuta kwa nguvu zake zote, akaanguka chali nacho. Kilikuwa kirefu. Kilikuwa kimesokotwa vizuri, mafundo madogo madogo, na kilikuwa cha rangi ya zambarau iliyokolea.

Mama Kichanga alikikung'uta udongo. Akakitazama tena.

Hizo hazikuwa nywele za maiti. Zilikuwa nywele za dukani, zile rasta za plastiki za kusukia, na jengo zima aliyewahi kusuka rasta za zambarau alikuwa mmoja tu. Alizisuka kwa ajili ya harusi ya dada yake, mumewe akamtania wiki nzima kwamba anafanana na bilinganya, na miezi mitatu iliyopita akaenda kwa Msusi kuzifumua.

Aliyezikwa kwenye karoti alikuwa yeye mwenyewe.

Akang'oa karoti moja. Ilitoka na miguu miwili iliyopishana, na kiunoni imejifunga rasta nyeusi kama mkanda. Akang'oa nyingine. Hiyo ilikuwa na rasta ya dhahabu shingoni, imependeza kuliko mwenye jengo.

"Zirudishe! Zirudishe upesi!" Msusi alikuwa anakuja mbio kutoka saluni, kitana kimechomekwa kichwani mwake mwenyewe. "Jirani, nakuomba. Baba asione."

"Umefanya nini, dada?"

Msusi akajishika kiuno, akapumua, akasema yote kwa mkupuo. Kazi ya baba yake imepungua. Vijana siku hizi wanafuga nywele, wakija ni kuchongwa pembeni tu, kinachoanguka hakijai hata kiganja. Gunia likaanza kurudi nusu. Mzee akawa haongei mezani, anatazama sahani. Basi mama yake akamwambia taratibu, bila baba kujua, "Za kwako huwa unatupa wapi?" Tangu siku hiyo takataka za saluni ziliingia chini ya gunia, na nywele za kibandani zikawekwa juu. Nywele zilizopakwa dawa ya kulainisha, rasta zilizofumuliwa, kila kitu.

"Na nani alikuwa anafukia?"

"Baba mwenyewe! Miwani yake ni ya vichwa tu, bustanini haivai, anasema inashika vumbi. Alikuwa anamwaga gunia mferejini huku anamsifu Mungu. Anatwambia, 'Mnaona? Wateja wangu wamerudi, tena wana nywele nzito.' Mama ananitazama, mimi namtazama mama."

Mama Kichanga alitaka kucheka lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye ubao. Ulikuwa umepigiliwa juu ya tanki, umeandikwa kwa rangi nyeupe na mkono wa Mzee Wembe mwenyewe, herufi kubwa kama za gazeti:

HAKUNA DAWA. HAKUNA MBOLEA YA DUKANI. HAKUNA PLASTIKI UDONGONI. ATAKAYEVUNJA ATAKAA MSIMU MMOJA BILA TUTA. HAKUNA CHA MKUBWA WALA MDOGO.

Ubao ule haukuwa wa mchezo. Msimu uliopita Dereva, yule wa lori anayekaa ghorofa ya pili, alikutwa na punje nyeupe kwenye leso. Alidai ni chumvi. Mzee Wembe alizionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akanawa mdomo mara tatu, akasema, "Kabidhi jembe." Dereva alikaa msimu mzima dirishani amekunja mikono, anatazama maharage yake yakipaliliwa na wengine. Sasa alikuwa amerudi, mpole, mtiifu, na kila akipita kwenye tuta la Mzee Wembe alikuwa anapunguza mwendo.

"Tuzitoe zote kabla hajaja," alisema Msusi.

Wakaanza kuvuta. Ukivuta rasta, inakuja na karoti tatu. Ukizuia karoti, rasta inakatikia ndani. Mtoto wa Mama Kichanga alikuwa amejivika moja kichwani, anajipigia makofi. Walikuwa wamefika robo ya tuta, udongo mpaka kwenye nyusi, waliposikia sauti za watu. Fundi Cherehani hakuwa ameishia kwa mtu mmoja. Alikuwa mbele ya kundi, nyuma yake wapangaji saba au wanane, nyuma yao Dereva, na nyuma ya wote Mzee Wembe mwenyewe na mkewe na mjukuu, wamevaa nguo za kazi, maana ilikuwa Jumamosi.

"Nimesikia," alisema Mzee Wembe, akipenya katikati ya watu, "kwamba kwenye tuta langu kuna mwanamke. Basi aliyemzika ajitokeze. Na huyo mwanamke naye ajitokeze!"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Aliliona tuta lake limechimbuliwa. Akainama, akachukua karoti yenye mkanda, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akatoa miwani ya vichwa mfukoni na kuivaa. Uso ukamsawijika.

"Plastiki," alisema polepole. "Mtu amenitilia plastiki." Akageuka moja kwa moja kwa Dereva. "Umelipiza."

"Mimi?" Dereva akarudi nyuma hatua moja. "Mzee, mimi nina kipara! Rasta nitazitoa wapi?"

"Lori lako linabeba kila kitu."

"Linabeba saruji!"

Sauti zikaanza kupanda. Fundi Cherehani akasema yeye tangu mwanzo alimtilia Dereva shaka, jambo ambalo hakuwa amelisema popote. Msusi alikuwa amekodoa macho chini kama anayetafuta shimo. Mama Kichanga hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kwenye foleni ya maji, akirukwa hunyamaza. Lakini alimwona Dereva anavyopangusa kipara kwa ile leso yake, hana hatia safari hii, akamwona na mzee anavyoishika ile karoti kwa mikono miwili. Akaona akinyamaza hapo atakuwa amewazika wote wawili.

"Shikamoo, mzee," alisema, kwa sababu hakujua pengine pa kuanzia.

"Marahaba, mwanangu, lakini ngoja kwanza..."

"Aliyezikwa ni mimi."

Akainua ile rasta ya zambarau, akaishikilia kando ya kichwa chake. Wote waliikumbuka. Kuna mtu nyuma akasema, "Bilinganya!" na kicheko kikapasuka tena, mpaka Dereva akajishika mbavu.

"Zilitoka saluni," Mama Kichanga akaendelea. "Dereva hahusiki."

Mzee Wembe alimtazama binti yake. Binti akamtazama mama yake. Mkewe Mzee Wembe aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Baba watoto," alisema, "gunia lilikuwa linakuja nusu. Ulikuwa huli."

"Kwa hiyo mkanilisha plastiki?"

"Wewe ulikula vizuri. Plastiki zimeliwa na karoti."

Mzee Wembe akakaa kwenye matofali. Akawa anageuza karoti mkononi. Kila mtu alijua anachokiwaza, maana kila mtu alikuwa anautazama ubao na kujifanya anatazama tanki. Hatimaye Dereva, kwa sauti ya mtoto anayejifunza kusoma, akaanza: "Ha-ku-na pla-sti-ki..."

"Nimeandika mwenyewe, usinisomee!" Mzee Wembe alisimama. "Hapo plastiki maana yake ni mifuko. Ni chupa. Ni ndoo. Rasta ni mavazi. Tena ni mavazi ya kichwa, na kichwa ni fani yangu."

"Babu," alisema mjukuu wake.

"Nini?"

"Ulisema plastiki ni kile kitu ambacho nikizika leo, nikiwa bibi nitakikuta. Rasta nikiwa bibi nitazikuta?"

Mzee Wembe aliwahi kumshinda kwa maneno mwalimu, askari na mwenye jengo, lakini hao wote walikuwa wamekalia kiti chake. Huyu alikuwa amesimama mbele yake na sumaku mkononi, anangoja jibu.

"Utazikuta," alisema.

Hapo Dereva angeweza kufurahi. Alikuwa amengoja siku hiyo msimu mzima, na huenda hata maneno alikuwa ameyapanga. Lakini alijikuna kipara, akasema, "Mzee, tunaweza kusema hukujua. Si ndiyo, jamani? Hakujua." Watu wakaitikia, hakujua, hakujua, hata Fundi Cherehani akasema alishuhudia kwa macho yake jinsi mzee alivyokuwa hajui.

"Na wewe si ulisema hukujua?" Mzee Wembe akamuuliza Dereva.

"Mimi nilijua. Nilisema chumvi."

"Basi." Mzee Wembe akavua miwani, akaikunja. "Gunia nililimwaga mimi, kwa mikono hii. Kama ningevaa miwani ningeona. Nikisamehewa mimi, kuanzia kesho ule ubao ni pambo, na ninyi nawajua, mtaleta dawa kwa debe." Akachukua jembe lake, lile lenye mpini uliong'aa kwa jasho lake, akamkabidhi Dereva. Mkewe akaweka ndoo kando ya jembe. Msusi akaweka kitana, akakumbuka si cha bustani, akakichukua tena. Mjukuu ndiye aliyechelewa. Aliitazama sumaku yake, akaibusu, akaiweka juu ya vyote na kuanza kulia kimyakimya.

Siku hiyo watu wote walichekecha udongo wa lile tuta mpaka mchana. Zilitoka rasta magunia mawili, vishikizo vya nywele kumi na sita, na shanga. Tuta likaachwa wazi lipumzike.

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu kwa wenye nywele. Mzee Wembe alinyoa bila kusema. Mtu alikuwa anainamisha kichwa, anasikia mashine peke yake, roho inakuwa juu juu. Mume wa Mama Kichanga alirudi kutoka huko anajishika shingo, akasema, "Yule mzee akiongea unachoka, akinyamaza unaogopa. Afadhali angeniambia hata habari za samadi."

Jumamosi Mama Kichanga alishuka bustanini mapema. Tuta la mwanawe lilikuwa na figili na mchicha, na mtoto mwenyewe alikuwa pembeni anakula udongo kwa utaratibu. Aliinua macho, akawaona. Walikuwa wanne, wamesimama nje ya matofali, kwa mstari, hawajakanyaga ndani: Mzee Wembe, mkewe, Msusi na mjukuu. Wamevaa nguo za kazi kama kawaida. Mikono haina kitu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Wembe akakohoa. "Naona magugu yamekuzidi."

"Hapana, mzee, jana nilipalilia kidogo."

"Lile pale je?"

"Lile ni figili, mzee."

"Aa." Akanyoosha shingo. "Na yale ya nyuma?"

"Yale ndiyo magugu. Nayamaliza sasa hivi."

"Usiyamalize!" Alisema kwa nguvu mpaka mtoto akaacha kutafuna. Mkewe akamgusa mkono, naye akashusha sauti, akasogea mpaka vidole vya miguu vikagusa matofali. "Mwanangu, sikiliza. Nyumbani tuko watu wanne na hatuna gugu hata moja. Mama huyu amepiga zulia fimbo mpaka limetoboka. Mjukuu ameng'oa maua ya plastiki ya mezani, amesema hayastahili kuishi. Mimi wateja wananikimbia. Ubao nimeusoma vizuri, nimeusoma na miwani. Unasema bila tuta, haukusema bila kazi. Sasa mimi sitaki mboga yako, wala sitakufundisha kitu, nitafunga mdomo..." Hapo Msusi akaguna, naye akajifanya hakusikia. "Nakuomba jambo moja tu. Wiki hii usipalilie. Yaache magugu yakue kidogo, yanenepe, halafu Jumamosi ijayo tuje sisi tuyang'oe."